Mbuzi Watatu wa Mwikali

Buti zangu za mpira nimeziacha stoo ya ofisi, nyuma ya mlango. Ile ya kulia ina kiraka kisiginoni. Atakayezipenda azichukue, ila azioshe kwanza, maana hata mimi siwezi kuapa zimekanyaga nini. Mmenifanyia karamu ya kustaafu, mmekula mbuzi kwa jina langu, mkasema maneno matamu ambayo sikuwahi kuyasikia nikiwa kazini. Halafu mkaniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Habari ya vyeo sitaiandika. Vingine vilichelewa, vingine havikuja, basi. Nitawaandikia habari ya karantini ya mifugo, kwa sababu ninyi vijana mtafunga masoko na maboma ya watu, na hakuna aliyewaambia kwamba anayefungiwa wa kwanza ni wewe mwenyewe.

Kazi nilianzia Taveta, mpakani, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni Mtaita, kwa hiyo nilijiona niko nyumbani. Siku ya kwanza nilitumwa kumwona ng'ombe aliyekuwa akichechemea na kutokwa na udenda. Nikamfungua mdomo, nikamshika ulimi, na ngozi ya ulimi ikanibakia mkononi kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Nilitapika pale pale, mwenye ng'ombe akinishikia kofia. Ulikuwa ugonjwa wa miguu na midomo. Tukafunga: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, hakuna kutoka, hakuna kuingia.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, nao wakafunga. Hapo ndipo nilipoona kwamba karantini ni ile ile lakini watu si wale wale. Kule mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, watu wakakaa chini, wakauliza maswali kwa Kiswahili cha adabu, wakakubali kila kitu, wakaenda kuhamisha ng'ombe kimya kimya. Huku kwetu hakuna aliyekaa chini. Walinifokea mchana kutwa, wakaniambia nitazeeka vibaya, halafu nao wakaenda kuhamisha ng'ombe. Nilikuwa nikikutana na mwenzangu wa upande ule penye kizuizi, kila mtu amesimama nchini kwake, hatupeani mikono kwa sababu ya ugonjwa. Siku moja akaniambia, "Ndugu yangu, wa kwangu wananidanganya kwa heshima. Wa kwako wanakutukana kwa ukweli. Sijui nani kati yetu ana nafuu."

Kisha nikahamishiwa Machakos. Mke wangu alikuwa mwalimu kwetu Wundanyi na hakupata uhamisho, basi nikaja peke yangu na sanduku, godoro na jiko la mafuta ya taa, nikapanga chumba nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Kinu kikinguruma, nilikuwa nakilaani. Jumapili kikizimwa, nakitamani, kwa sababu chumba kilikuwa kimya mpaka nasikia saa yangu ya mkononi. Sitawaficha. Nilikuwa mpweke, na kazi ilikuja kuniongezea.

Chuo kilinifundisha ugonjwa, lakini buti nilifundishwa na Mzee Kioko. Huyu alikuwa msaidizi wa mifugo, mfupi, mwimbaji wa kwaya, karibu anastaafu. Alikuwa akimkamata fahali puani kwa vidole viwili huku anakuuliza habari ya watoto. Sheria zake hazikuandikwa popote. Ukitoka boma lenye ugonjwa, osha buti kwa maji ya magadi, ndiyo yanayoua ugonjwa, sugua kwa brashi mpaka kwenye mikunjo ya soli. Osha mikono, osha kamba, osha na magurudumu ya pikipiki. Siku hiyo usiingie boma lingine. Na chai ya mtu usinywe.

Hiyo ya chai ndiyo iliyonitesa. Ukambani mgeni harudi na koo kavu, na kukataa chai ya mama mwenye nyumba ni sawa na kumwambia vikombe vyake ni vichafu. Nilimwuliza Mzee Kioko kwa nini. Alisema kwanza buti zako hazina ruhusa ya kuvuka uwanja wa mtu bila sababu. Pili, ukishakaa kwenye kiti chake ukala andazi lake, akikuomba umwachie ndama mmoja tu apite, utamwambia nini? Kwa hiyo nikanunua chupa ya chai, ile ya kuweka moto, ya rangi ya bluu. Wakati wa karantini nilikuwa nakaa kando ya barabara, nimeegemea pikipiki, nakunywa peke yangu huku watu wakipita mbali kidogo. Watoto wa Kola, kata moja ya Machakos, walinipa jina: Daktari Funga. Wakiniona tu, wanakimbia kwenda kutangaza.

Karantini ninayotaka kuwaeleza ilianza Kola, miaka ya tisini ikielekea kwisha, baada ya mvua nzito. Ng'ombe wa kwanza kuonyesha ugonjwa alikuwa wa Mutua, mkulima kijana ambaye pia alikuwa fundi wa mawe. Nataka mlishike hili: Mutua hakuficha. Wengine wangemfungia ng'ombe jikoni wakasema amekula majani mabaya. Yeye alipanda baiskeli mpaka ofisini, akasubiri nje na kofia mkononi, akasema, "Daktari, yangu moja iko na vidonda kwa mdomo. Kuja uone." Nikaenda, nikaona, nikafunga boma lake, nikafunga kata nzima. Huo ndio uliokuwa mshahara wa ukweli wake.

Kumbe wiki ile ile ilikuwa ya furaha kwake. Kando ya zizi niliona mbuzi watatu wamefungwa peke yao, wanene, wamepigwa brashi kama wanafunzi wa siku ya wazazi. Mzee Kioko ndiye aliyenieleza. Kwa Wakamba, mwanamume anaweza kuishi na mwanamke, akazaa naye, akamjengea, wakaenda na kanisani pamoja. Lakini kabla hajapeleka mbuzi wa ntheo kwa wazazi wa yule mwanamke, huyo bado ni msichana wa kwao. Mbuzi wanapelekwa wakiwa hai, wanapokewa, mmoja anachinjwa, pande mbili zinakula pamoja, na hapo ndipo anakuwa mke. Asipofanyiwa hivyo, hata akifa, watu wake wana haki ya kumchukua na kumzika kwao. Mke wa Mutua, Mwikali, alitoka Kangundo, upande mwingine wa wilaya. Siku ya ntheo ilikuwa imeshapangwa na baba yake, wageni wameambiwa, na ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo.

Mwikali alikuwa mwanamke mrefu mwenye mwanya na mdomo usiolala. Nilipomweleza kwamba mbuzi hawawezi kutoka, alinitazama kutoka juu mpaka kwenye buti. "Yaani, Daktari, nimekaa kwa huyu mtu mpaka nimemzalia wawili, siku yangu inafika, na wewe ndio unafika na karantini?" Halafu akacheka. Mutua hakucheka. Alienda kuwafungua mbuzi wake, akawarudisha zizini na wengine.

Nilikuwa narudi kila wiki kufungua midomo na kukagua kwato. Wiki ya pili nilikuta kigoda kimewekwa nje ya lango, kwenye uzio wa mkonge. Mwikali alikuwa ameketi upande wa ndani, juu ya mtungi wa plastiki uliogeuzwa, kikombe mkononi. Akasema, "Kunywa yako, na mimi nikunywe yangu. Hiyo haitakuwa chai ya mtu." Mutua akaja akachuchumaa karibu naye. Basi ikawa hivyo kila wiki, mkonge katikati, mimi na chupa yangu ya bluu. Tuliongea habari za mvua, za Wundanyi, za mke wangu ambaye Mwikali alitaka kujua kama mimi nilimlipia chochote au ninafungia tu mbuzi za wenzangu. Kila nikiondoka ananiita kwa sauti ya wale watoto: "Daktari Funga, utafungua lini?" Nami namjibu, karibu. Niwaambie ukweli, nilikuwa nikiisubiri siku ile ya Kola wiki nzima. Ndicho kikao pekee nilichokuwa nacho.

Kwingine mambo yalikuwa tofauti, na inafaa mjue, maana mtakutana nayo. Kola watu walikasirika kwa kunyamaza. Wananijibu salamu nusu, wananiangalia nikipita mpaka nipotee. Kangundo hakukuwa na ugonjwa bado, lakini tulifunga soko la mifugo ili usiingie, na wachinjaji wa kule wakaufanya mchezo. Mmoja alitundika kabichi kwenye ndoano ya nyama, akaniuliza mbele ya watu kama ningependa kulipigia muhuri. Huko Lukenya, kwenye ranchi, meneja hakungoja hata nimalize kusoma amri. Alifunga lango, akachimba shimo la maji ya magadi mbele yake, akaweka mlinzi, na gari lake mwenyewe akaliacha nje. Nilimsifu sana. Nilisema laiti wote wangekuwa kama yeye, na maneno hayo yalikuja kunirudia.

Miaka michache baadaye niliwaona na Wazungu. Nilikuwa hotelini mjini Machakos, televisheni ikionyesha ugonjwa huo huo kwao Ulaya. Hawakuwa wakifunga tu, walikuwa wakiwaua wote na kuwachoma, lundo la ng'ombe miguu juu, na mzee mmoja wa kizungu amesimama langoni pake akilia bila kujificha. Hotelini watu walianza kwa kucheka, nyama yote hiyo. Kisha mama mpishi akasema kwa Kikamba kitu ambacho sikukisikia vizuri, na kila mtu akarudi kwenye sahani yake. Mimi nilimtazama yule mzee nikafikiria kwamba kuna mtu wa ofisi, hapo nyuma ya kamera, ambaye hakupewa chai.

Turudi Kola. Karantini ilikaribia kwisha. Hakukuwa na kidonda kipya kwa muda mrefu, nami nilikuwa nimemwambia Mwikali, kwa mara ya kwanza bila mzaha, apeleke habari kwa baba yake wapange siku nyingine. Mutua akawafunga tena mbuzi watatu pembeni. Halafu bwana mmoja wa upande wa mtoni, ambaye ng'ombe wake alikuwa anataka dume, akaazima fahali wa shemeji yake. Kwake yeye hilo halikuwa kuhamisha mifugo. Fahali hauzwi, haendi sokoni, anakuja kufanya kazi yake na kurudi kwao. Aliniambia hivyo hivyo, kwa uso mkavu kabisa, huku fahali akitoa udenda nyuma yake. Ndama wote wa bwana huyo wakaugua. Hesabu ya siku za karantini ikaanza upya.

Nilipoenda kumwambia Mwikali, sikukuta mzaha. Alisema tu, "Sawa, Daktari." Akanywa chai yake polepole. Kisha akaniuliza kama kwa mbuzi huo ugonjwa ni mkubwa kweli, kwa sababu wale watatu wanakula vizuri. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo shida ya mbuzi. Ng'ombe anachechemea, anatoa udenda, kila mtu anaona. Mbuzi anaweza kuwa nao kinywani na asionyeshe chochote, akaupeleka mbali kama mgeni mwenye nguo safi. Akatikisa kichwa. Wiki hiyo hakuniuliza nitafungua lini.

Mwikali aliugua msimu huo wa pili wa karantini. Ilianza kama malaria, akapewa dawa, homa ikapanda kichwani, na Mutua alipomfikisha hospitali mjini hakuwa tena anamjua. Alifariki kabla ya Jumapili. Nilipata habari ofisini kutoka kwa Mzee Kioko, nami nikatoka nje nikaanza kuosha buti zilizokuwa tayari safi. Niliumia kama ndugu, na sikuwa na mahali pa kwenda kuumia, kwa sababu uwanja wa msiba ulikuwa na mifugo na mimi nilitoka mabomani. Nilikaa chumbani nyuma ya kinu.

Siku chache baadaye chifu wa Kola aliniita. Nilikuta pande mbili zimeketi nje ya ofisi yake: huku Mutua na wajomba zake, kule baba ya Mwikali, Mzee Nzioka, mkulima wa kahawa kutoka Kangundo, amevaa koti la kanisani, na nduguze. Mwili ulikuwa bado mochwari. Mutua alitaka kumzika mkewe Kola, kwenye shamba alilolima, karibu na watoto wake. Mzee Nzioka alitaka ntheo kwanza. Hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alizungumza taratibu, mikono juu ya magoti.

"Nimengoja miaka," alisema. "Sikumsumbua huyu kijana hata siku moja. Leo sina binti, na bado sina mkwe."

Mutua akasimama. Alikuwa amekonda. Hakumjibu baba mkwe wake, alinigeukia mimi. "Daktari, mbuzi zangu ni zima. Wewe mwenyewe unaziangalia kila wiki. Waambie."

Watu wote wakanitazama. Mzee Kioko, aliyekuwa kando yangu, aliangalia chini. Nikasema wanaonekana wazima, na kwamba siwezi kuwatoa. Nikaeleza mambo ya mbuzi kuficha ugonjwa, ya ndama wa mtoni waliougua juzi tu, ya Kangundo nzima ambako bado hakuna hata kidonda kimoja na ambako kila nyumba ina ng'ombe wa maziwa anayesomesha watoto. Sauti yangu niliisikia kama ya redio. Mjomba mmoja akasema basi wachinjwe Kola, ipelekwe nyama. Nikasema nyama nayo hubeba ugonjwa. Mwingine akasema Mutua anunue mbuzi huko huko Kangundo, kwa jirani wa Mzee Nzioka, wavuke uzio tu. Mzee Nzioka ndiye aliyekataa hapo. "Hiyo mbuzi ya jirani imekula mahindi yangu mwaka mzima," alisema. "Leo niipokee kama mgeni?" Hakuna aliyecheka, wala yeye hakukusudia kuchekesha.

Nikaomba wanipe siku moja. Niliwasha pikipiki nikaenda Lukenya, kwa yule meneja niliyemsifu. Ranchi yake ilikuwa safi, na ilikuwa na mbuzi wengi. Nilisimama nje ya shimo lake la magadi nikamweleza kila kitu, kuhusu Mwikali, kuhusu mwili ulioko mochwari. Nikamwambia mbuzi watatu tu, nitawaandikia kibali mimi mwenyewe, watapita kwenye gari lililooshwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pole sana, Daktari. Lakini lango likifunguka leo kwa msiba, kesho litafunguka kwa harusi. Si ni wewe mwenyewe ulinisifu kwa hilo?" Kweli nilikuwa nimemsifu. Nilirudi Kola na jua machoni, nikiendesha polepole, kwa sababu sikutaka kufika.

Mwikali alizikwa Kangundo, kwa baba yake. Mutua aliruhusiwa kuja kama mgeni wa msiba, na watu wa Kola waliotaka kumsindikiza. Kwa kuwa walitoka kwenye ugonjwa, ilibidi waoshwe. Nikaweka karai kubwa la maji ya magadi penye njia ya kuingia kwa Mzee Nzioka, na brashi, nikasimama hapo. Kila mwombolezaji alivua viatu au alikanyaga navyo. Akina mama walivua viatu wakanyoosha nyayo zao moja moja. Wanaume walitumbukiza viatu vyao vya ngozi, vitabu vya nyimbo vikiwa kwapani. Hakuna aliyenisalimia. Mutua alifika wa mwisho, viatu vyeusi vipya. Aliingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akasimama ndani ya karai muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nilisugua visigino vyake. Nilitaka kusema pole, lakini nikiwa nimeinama miguuni pake hivyo, sikujua niiseme vipi. Akatoka, akaenda akiacha alama za maji.

Mimi sikuingia. Buti zangu ndizo zilikuwa mbaya kuliko viatu vya wote. Kutoka njiani nilisikia kipaza sauti kikisoma majina ya familia: baba, mama, kaka, dada, watoto wawili. Jina la mume halikusomwa. Nikamwaga maji ya karai kwenye shimo, nikafukia.

Ugonjwa haukuingia Kangundo, hata kwa ng'ombe mmoja. Hakuna aliyekuja kunishukuru, na hamtashukuriwa nanyi, kwa sababu hakuna anayekuja ofisini kusema asante, ng'ombe wangu hakuugua. Niliendelea kwenda Kola kila wiki. Mutua alinifungulia zizi, akanishikia kamba, akajibu nilichouliza. Kigoda kilikuwa bado pale nje ya uzio. Hakuna aliyekiingiza ndani na hakuna aliyenikaribisha kukikalia. Nilikunywa chai yangu barabarani.

Ilipofika siku ya kufungua, nilibandika tangazo sokoni na watu wakapiga vigelegele. Wachinjaji walinishika mkono kana kwamba karantini ililetwa na mtu mwingine. Kisha, kwa mazoea tu, nikageuza pikipiki nikaenda mpaka lango la Mutua kupeleka habari, na nilipozima injini ndipo nilipokumbuka kwamba aliyekuwa akiisubiri hayupo. Mutua akatoka. Nikamwambia nimefungua. Akaniuliza, "Hata mbuzi?" Nikasema hata mbuzi. Akasema, "Basi niandikie kibali. Watatu. Kangundo."

Wajomba zake walikataa kwenda. Walisema ntheo ya kaburi ni kuita mabaya, na kwamba mtu anayetoa mbuzi kwa marehemu atamwambia nini mke wa pili. Hakupata hata mmoja wa kumsindikiza, na ntheo haipelekwi na mtu mmoja. Mzee Kioko akasema yeye atakuwa msemaji. Nami nikasema nitawashika mbuzi. Mutua alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akasema neno ambalo halikuhusu mifugo. Alisema, "Itakuwa vizuri."

Tulikodi pikapu ya mtu wa nyanya. Mimi nilikaa nyuma na mbuzi, kamba tatu mkononi, kibali mfukoni. Pale njiani nilipokuwa nimeweka karai tukashuka, tukaenda kwa miguu. Mzee Nzioka alikuwa ameketi uwanjani na mkewe. Mzee Kioko akasimama mbele, akasema kwa Kikamba cha polepole kile kilichotuleta, na kwamba mwenye mbuzi anaomba radhi kwa kuchelewa. Mzee Nzioka aliangalia mbuzi, kisha akaniangalia mimi.

"Wewe ndiye ulifunga?"

"Ndiyo, mzee. Ni mimi."

"Ziangalie."

Nilielewa. Nikapiga magoti pale uwanjani, nikamfungua mdomo mbuzi wa kwanza, nikapitisha kidole kwenye ufizi na ulimi, nikainua kwato moja moja. Nikaenda kwa wa pili, na wa tatu. Nimefungua midomo mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini ile mitatu niliirudia mara mbili. Nikasimama nikasema, "Ni wazima, mzee. Wote."

Mama yake Mwikali aliinuka, akaja, akawashika mbuzi pembe mmoja mmoja, akawaingiza zizini mwake. Kamba alizifungua akanirudishia. Mzee Nzioka akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Mutua, siku ile ulikaa nyuma na wageni. Leo ingia ndani ya nyumba." Mbuzi mmoja, dume, alichinjwa, tukala. Nilipewa chai kwenye kikombe cha udongo chenye maua, ndani, juu ya kiti chenye kitambaa, nami nikainywa yote, na nilipoongezwa nikanywa tena, na nikashindwa kuzuia machozi mbele ya watu nisiowajua.

Jua likipinda, Mutua akainuka akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililo pembeni mwa kahawa. Mzee Kioko alinisukuma bega, nami nikamfuata. Mutua alichuchumaa kama alivyokuwa akichuchumaa kwenye uzio wa mkonge. Aling'oa majani mawili matatu yaliyoota juu ya udongo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeongea na aliye jikoni:

"Mwikali, Daktari Funga amefungua."

Nilikuwa nyuma yake, nimeshika kamba tatu tupu, nikakosa pa kuziweka.